Taa Kabla ya Daraja

Gluk. Kimya. Gluk-gluk.

Kilikuwa kitu kinachotokota taratibu gizani, kama uji uliosahauliwa mekoni mpishi akapitiwa na usingizi. Saima Pelto alifumbua macho kwenye kochi la bibi yake, akauchomoa mkono polepole chini ya kichwa cha bintiye Elli, akasikiliza. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri, na mapambazuko yalikuwa bado mbali. Alinyata mpaka jikoni akagusa birika. Baridi. Jiko la kuni lilikuwa na vuguvugu, lakini juu yake hapakuwa na sufuria. Alipoweka sikio ukutani ndipo alipoelewa: sauti ilitoka bandani, upande wa pili wa ukuta, gari la bibi lilikolala na waya wake umechomekwa kwenye umeme.

Hita tu. Akajicheka, akarudi kulala. Huku kaskazini ya ziwa, baridi ikishuka nyuzi ishirini chini ya sifuri na zaidi, gari huchomekwa jioni kama vile mtu anavyofunga mlango. Hita ndogo hupasha maji ya injini usiku kucha, na asubuhi gari linawaka bila manung'uniko. Hakuna anayelizungumzia jambo hilo. Ni sawa na kumwuliza mtu mzima kama amevaa soksi.

Baada ya chai waliondoka watatu, bibi kwenye usukani. Bibi Aune alikuwa na miaka sabini na minane na kimo cha msichana wa darasa la sita, na aliendesha huku amekalia mto. Theluji ya jana yake ndiyo iliyowalaza Saima na Elli huko. Kwa kawaida walikaa mjini, kilomita thelathini na tano, karibu na gereji ambako Saima alikuwa fundi mwanafunzi. Fundi asiye na gari, bibi alipenda kumtania, ni kinyozi mwenye upara.

Dakika ya sita, kabla tu ya daraja la reli, taa ya njano yenye umbo la injini iliwaka kwenye dashibodi.

"Bibi," alisema Saima.

"Sijaona kitu. Macho ya uzee haya."

"Bibi, imewaka."

"Na wewe funga yako basi, twende kwa amani."

Elli, mwenye miaka mitano na asiyejua kunyamaza, alisema kutoka kiti cha nyuma, "Huwa inawaka hapa hapa. Kabla ya daraja."

 Bibi alishika usukani kwa mikono miwili, midomo imekazwa. Saima aliitazama ile mikono yenye glovu za sufu, akajua kilichokuwa kikipita kichwani mwa bibi yake, kwa sababu kilikuwa kikipita kichwani mwake pia.

Mjomba Reijo, mtoto pekee wa kiume wa Bibi Aune, aliishi mji mwingine, mwendo wa saa nane kwa gari. Hakuwa mtu mbaya. Msimu uliopita jirani yao mzee Eino alizimikiwa na gari kwenye barabara hii hii, akakutwa asubuhi ameganda, kofia mkononi. Tangu siku hiyo Reijo halali. Alikuwa amesema kwenye simu, sauti ikimtetemeka: taa ile ikiwaka tena, nakuja Jumamosi kuchukua funguo. Alikwisha kutafuta chumba mjini, kwenye nyumba ya wazee, chenye dirisha linalotazama ukuta wa kufulia nguo. Na kule shambani hakupiti basi. Bila gari hakai mtu. Bibi Aune alizaliwa kwenye sauna ya nyumba ile, juu ya benchi la mbao ambalo bado analikalia kila Jumamosi, na alikusudia kuiaga dunia hapo hapo siku yake ikifika.

Leo ilikuwa Alhamisi.

*

Gereji ya Wendell Prokop ilinuka vitu vitatu. Maji ya rejeta yaliyomwagika zamani, matamu kama tunda lililooza. Mpira ulioungua. Na tumbaku. Wendell alitafuna tumbaku tangu asubuhi hadi jioni, akatema kwenye kikombe cha karatasi cha kahawa, na kikombe hicho alikibeba kila alikokwenda, hata chini ya boneti ya mteja. Mara mbili Saima alikwisha kukikuta kimewekwa juu ya sanduku lake la chakula.

"Haa! Bibi harusi karudi kwao," alisema Wendell alipoona gari. "Namba ile ile?"

"Ile ile," alisema Saima.

Wendell alichomeka mashine ya kupimia chini ya usukani, akasubiri sekunde tatu, akasoma msimbo, ile namba ya kosa, akachomoa. "Basi ni kompyuta ya injini. Vingine vyote tumeshabadilisha."

Kweli vilibadilishwa. Mwezi wa kumi na moja msimbo ulitaja sensa ya joto la maji, kile kipimo kidogo kinachoiambia kompyuta maji ya injini yana moto kiasi gani, Wendell akasema "Hiyo ndiyo," akaweka sensa mpya. Mwezi wa kumi na mbili taa ikarudi, akasema themostati, vali ya maji ya injini, "Hiyo ndiyo." Mwezi wa kwanza ikarudi tena, sensa ya hewa, "Hiyo ndiyo, naapa." Kila mara taa ilikaa kimya wiki nzima au mbili, Wendell akapiga kifua, kisha asubuhi moja ya baridi kali ikawaka kabla ya daraja. Na mara ya tatu aliyemshikia tochi alikuwa Saima mwenyewe. Alishika tochi, akaona themostati nzima iking'aa ndani ya pipa la takataka, akajua moyoni kwamba hakuna mtu aliyepima chochote, akanyamaza. Kinyaa alichokuwa nacho kwa Wendell kilikuwa na chumba cha uani, na ndani ya chumba hicho alikaa Saima mwenyewe.

"Tumebadilisha," alisema sasa. "Lakini hatujapima hata kimoja."

Wendell aligeuka polepole. "Semeni jamani. Profesa wa jioni ameamka."

"Namba haisemi sensa imekufa. Inasema habari ya sensa haiaminiki. Hayo ni mambo mawili."

"Hayo nayo unafundishwa kule chuoni?"

Ndiyo, alifundishwa kule. Jumanne na Jumatano jioni, Elli akiwa amelala nyumba ya jirani, Saima alikaa darasani na vijana wenye chunusi, na mwalimu wao, mama mmoja mwembamba aliyetengeneza malori ya mbao miaka ishirini, aliwaambia jambo alilolinakili kwenye jalada la daftari: Msimbo ni mgonjwa anayelia mlangoni. Hakuambii ugonjwa. Anakuonyesha pa kuanzia kuuliza.

"Sikiliza, mama Elli," Wendell alisema, akatema. Uzi wa mate ya kahawia ulibaki ukining'inia kwenye kidevu, akaufuta kwa mkono ambao baadaye angeshika nao usukani wa bibi. "Mteja hataki kupimiwa. Kupima hakuonekani. Mteja anataka kitu kipya kinachong'aa akishike. Ukimwambia nimekaa saa mbili nikifikiri, atakutazama kama mwizi."

Akapiga simu kwa Reijo pale pale, sauti wazi. Alisema ni kompyuta, alisema kwa gari la umri huu yeye asingehangaika, alisema kama familia inataka kulitoa, atalichukua mwenyewe awaondolee usumbufu, maana yeye ni mtu wa huruma.

Kwenye simu Reijo alivuta pumzi ndefu. "Basi imetosha. Jumamosi nipo. Saima, mwanangu, uko hapo?"

"Nipo, mjomba."

"Usimwambie lolote bibi yako mpaka nifike. Nitamwambia mwenyewe."

Wendell alikata simu akatabasamu, na tumbaku ilikuwa imemjaa mapengoni mwa meno. Saima aliligeukia gari. Aliwaza: huyu mtu ameng'oa vitu vizima mara tatu, amevitupa, na sasa atakula gari lenyewe, na atajiita mwenye huruma.

*

Saa sita Wendell alikwenda kula. Saima alijifungia na lile gari.

Kwanza alilikokota pipa la takataka kutoka chini ya meza. Chini kabisa palikuwa na ute mweusi wa mafuta na maji, na ndani ya ute, mithili ya mifupa kwenye mchuzi uliochacha, vipuri. Sensa, mota ndogo, vali, koili. Alivaa glovu akavitoa kimoja kimoja, akavipanga juu ya gazeti. Vingi havikuwa na hata mkwaruzo. Aliwakumbuka wenyewe: hiki cha yule baba wa mapacha, kile cha muuguzi wa zamu ya usiku aliyerudi mara nne mpaka akauza gari. Pipa lilikuwa kaburi la wenye afya waliozikwa kwa kushukiwa. Aliona aibu kuvigusa na aibu zaidi kuviacha. Akaipata sensa ya kwanza ya bibi, na karatasi ya jina la mteja aliyoifunga mwenyewe bado inaning'inia, akaipangusa, akaitia mfukoni.

Kisha alichukua mashine ya kupimia. Ilikuwa na vitufe vinne. Vitatu vilikuwa vyeusi kwa uchafu wa vidole vya Wendell. Cha nne bado kilikuwa na ile nailoni nyembamba ya kiwandani. Miaka sita mashine ile ilikuwa humo, na hakuna aliyewahi kukibonyeza.

Alikibandua nailoni. Kitufe cha nne kilileta kumbukumbu: hali ya gari wakati ule ule kompyuta ilipoamua kulalamika. Aliinakili kwa kalamu. Gari lililala kwa muda wa saa kumi na moja. Hewa wakati wa kuwasha, nyuzi thelathini na tatu chini ya sifuri. Maji ya injini wakati wa kuwasha, nyuzi thelathini na nane juu ya sifuri.

Aliisoma mara mbili. Gari limelala usiku mzima bandani, kwenye baridi inayopasua miti, linaamkaje na damu ya moto?

Hapo ndipo kompyuta iliposema: mmoja kati ya hawa wawili ananidanganya. Na ndipo Wendell alipomkata shingo mmoja bila kesi, kisha wa pili.

*

Kwa kuwa kompyuta mpya aliyoiagiza mchana ule ilikuwa bado haijafika, Wendell hakuwa na neno gari likirudi na Saima jioni. "Linatembea tu," alisema. "Litawaka taa, litatembea." Saima alimchukua Elli shuleni, wakarudi shambani.

Jikoni bibi, aliyepata lifti ya jirani kutoka mjini mchana, alikuwa ametoa mikate mitamu ya pulla kwenye oveni, na harufu ya iliki ilijaa nyumba nzima. Saima alitandaza gazeti pembeni ya meza, akatoa ile sensa, kipima umeme chake cha chuoni, na karatasi ya viwango.

"Wee! Toa uchafu wako kwenye meza yangu ya kulia," alisema bibi.

"Dakika kumi tu, bibi. Elli, niletee theluji kwenye kikombe. Nyeupe, si ya karibu na mbwa."

Elli alikwenda mbio, akarudi na kikombe kimefurika. Saima alikitia maji kidogo, akaiweka sensa humo. Kikombe cha pili alikijaza kahawa ya moto ya bibi, akatia na kipimajoto cha kuokea.

"Unaikoroga kahawa yangu na chuma!" bibi alilia. "Marehemu babu yako angekufukuza."

"Elli, soma namba."

Elli alisoma, tarakimu moja moja, ulimi umetoka pembeni. Saima alilinganisha na karatasi. Kwenye theluji, sawasawa. Kwenye kahawa, sawasawa. Walingoja kahawa ipoe, wakapima tena, na tena. Sensa ile haikuwahi kukosea hata siku moja maishani mwake. Ilisema kweli, ikatupwa kwenye ute kwa kusema kweli.

Saima aliketi. Hasira ingekuwa nafuu. Hii ilikuwa kama kukuta nywele kwenye chakula ulichokwisha kumeza.

"Kama ilisema kweli," alisema taratibu, "basi maji yalikuwa ya moto kweli. Bibi, taa hii huwa inawaka lini?"

Bibi alimtazama kana kwamba amemtukana. "Miezi mitatu! Miezi mitatu gari linaingia na kutoka kwa yule mtema mate, leo ndiyo mara ya kwanza mtu kuniuliza mimi."

"Si ningeuliza..."

"Hukuuliza. Wote mnaliuliza gari. Mimi nimekaa hapa na kalenda yangu."

Akaonyesha ukutani. Kalenda ilikuwa ya duka la mbegu, na humo, kama wazee wote wa barabara ile, Bibi Aune aliandika kila asubuhi baridi ya siku hiyo kabla hata ya kunywa kitu. Mama yake aliandika, na mama wa mama yake. Saima aliiona maisha yake yote asiione. Sasa aliishusha ukutani. Pembeni ya namba kadhaa palikuwa na nukta nyekundu.

"Nukta ndiyo taa," alisema bibi. "Nilijua nitakuja kuulizwa kama mtu mzima. Nikajiandaa."

Saima alifunua nyuma hadi mwezi wa kumi na moja. Nukta: ishirini na sita chini ya sifuri. Nukta: thelathini na moja. Ishirini na nne. Halafu sensa mpya, halafu siku tisa za vuguvugu, saba chini ya sifuri, tano, tisa, bila nukta. Halafu baridi, nukta. Themostati mpya, joto la Krismasi, bila nukta. Baridi, nukta. Ushindi wote wa Wendell ulikuwa hali ya hewa.

"Kwa hiyo ni baridi," alisema Elli, aliyekuwa amepanda kiti.

"Ni baridi," alisema Saima. Kisha kidole chake kikasimama. Tarehe kumi na mbili, mwezi huu. Thelathini na sita chini ya sifuri, siku ya baridi kuliko zote. Hakuna nukta. Chini yake bibi aliandika kwa penseli: *umeme hakuna*.

"Bibi. Siku hii taa haikuwaka?"

"Haikuwaka. Gari lilinung'unika kama ndama anayeburutwa, nikadhani halitawaka kabisa, lakini nilifika kanisani na taa haikutoka. Nikasema Mungu amenihurumia."

"Umeme ulikatika usiku?"

"Usiku mzima. Dhoruba ile."

 Na hapo, nyuma ya ukuta, kwa kuwa bibi alikwisha kulichomeka gari mara tu walipofika kama alivyofanya kila jioni ya maisha yake, ilisikika: gluk. Gluk-gluk.

Saima aliweka kiganja ukutani.

"Hita," alisema. "Nani aliifunga?"

"Wendell. Mwezi wa kumi. Si gari hili Reijo alilinunua kusini kwenye jangwa, halikuja na hita. Wendell akasema ataifunga kwenye bomba la mpira la rejeta, ni kazi ya nusu saa."

Kwenye mpira. Pua kwa pua na sensa. Saima aliona jambo lote, dogo na chafu. Kompyuta iliyokulia jangwani haikufundishwa kwamba kuna watu wanaopasha magari yao usiku. Ilikuta maji ya moto, hewa ya kuua, saa kumi na moja za kulala, ikalalamika, kwa haki. Hita ilikuwa kazi ya Wendell mwenyewe. Na kwa kuwa watu wote wa huku huchomeka, hakuna aliyemtajia mwenzake kwamba amechomeka. Hata yeye, asubuhi ile, aliisikia kwa masikio yake, akarudi kulala.

"Bibi," alisema, "hujambo kabisa wewe. Na gari lako pia halijambo."

"Mimi nilijua," alisema bibi, akamkatia pulla. "Sasa mwambie Reijo."

*

Ijumaa asubuhi Saima aliweka mbele ya Wendell vitu vitatu: sensa iliyopanguswa, karatasi ya kumbukumbu, na picha ya kalenda kwenye simu. Alieleza polepole, bila kumtukana. Alikuwa amejiwekea ahadi hiyo njiani.

Wendell alisikiliza mpaka mwisho. Alicheka kidogo. Kisha aliacha kucheka, akatazama mlango.

"Nani mwingine anajua?"

Saima alitarajia abishe. Hakutarajia hilo.

"Sikiliza," Wendell alisema, sauti imeshuka. "Kompyuta mpya inakuja Jumatatu. Mpya ina programu mpya, programu mpya inajua mambo ya hita. Si ndiyo? Tunaiweka, taa inazima, nilichosema kinakuwa kweli. Gari nitakuwa nimelinunua, sawa, lakini ukweli ni ukweli. Hakuna aliyeumia."

"Bibi yangu anapelekwa kukaa chumba kinachotazama ukuta."

"Wazee wote wanaishia huko. Na kitabu chako cha saa za kazi kinatiwa saini na nani? Na mimi. Mtoto una, mume huna. Fikiri kama mama."

Akanyoosha mkono kuchukua kikombe chake, na kwa haraka akakosea, kikaanguka juu ya kalenda iliyokuwa kwenye skrini ya simu. Ule uji wa kahawia ulitambaa juu ya nukta za bibi.

Saima alitazama.  Aliokota simu, akaipangusa kwa shati la kazi, akalivua shati, akalitia ndani ya pipa pamoja na vile vipuri vyote. Akachukua kitabu chake cha saa. Kurasa zilizosainiwa zilikuwa nyingi za kutosha kuanzia mahali pengine. Zilizobaki zingetiwa saini na mtu mwenye mikono safi.

"Ninafikiri kama mama," alisema, akatoka, akaondoka na gari la bibi.

Jioni ile mwalimu alifungua karakana ya chuo ingawa haikuwa siku ya darasa. Alisikiliza, akatazama karatasi, akauliza swali moja tu: "Umeipima sensa kwenye baridi na kwenye moto?" Saima alipojibu ndiyo, mwalimu alitikisa kichwa kwa kukubali, na kwa Saima hiyo ilikuwa shahada. Waliihamisha hita kutoka kwenye mpira, wakaifunga kwenye tumbo la injini mahali pake, wakatoa hewa kwenye maji. Mwalimu aliingia kwenye programu za watengenezaji kwa leseni ya chuo. Programu mpya inayoijua hita ilikuwepo, miaka mitatu sasa, ya bure kwa magari ya kusini yanayohamia kaskazini. Dakika arobaini mstari wa kijani ulitambaa kwenye skrini.

"Imepona?" aliuliza Saima.

"Usiseme imepona mpaka uupe ugonjwa nafasi ya kurudi. Kesho baridi ngapi?"

"Thelathini na tano."

"Nzuri. Lichomeke usiku kucha."

*

Reijo alifika Jumamosi alfajiri, macho mekundu kwa safari, mwili mkubwa ukijaza mlango. Alimkumbatia mama yake, akakataa pulla, na kwa mtu wa huku hilo peke yake ni tangazo la msiba.

"Mama, tusifanye iwe ngumu. Nipe funguo."

"Utazipata mjini," alisema Bibi Aune akivaa glovu. "Kaa mbele. Funga mkanda. Usiguse kitu."

"Mama..."

"Umesema taa ikiwaka. Njoo uione ikiwaka, basi. Au umekuja kuniangalia mimi tu?"

"Mjomba," alisema Saima, "gari limechomekwa tangu jana jioni. Kila siku ya namna hii limewasha taa. Nipe dakika sita. Ikiwaka, sitasema neno, nitakusaidia kubeba masanduku."

Reijo alimtazama. "Nilikuwa huku siku ile. Nilimwona Eino," alisema. "Mimi ndiye niliyemtoa kofia mkononi. Unanielewa?"

"Nakuelewa, mjomba. Ndiyo maana nilipima."

Wakaingia. Bibi kwenye mto wake, Reijo pembeni, Saima na Elli nyuma. Asubuhi ile bandani hapakuwa na gluk yoyote; mahali pake papya hita ilipasha bila sauti. Injini iliwaka mara moja. Bibi alichomoa waya, akauzungusha kwenye kigingi bila haraka, akarudi, wakaondoka.

 Theluji ililia chini ya matairi. Walipita sanduku la barua, wakapita shamba la Eino lenye geti lililofungwa kwa mnyororo, na hapo Reijo aligeuza uso. Kisha akaurudisha kwenye dashibodi, hakuuondoa tena. Kiganja chake kilikuwa wazi juu ya goti, kikisubiri funguo. Saima alimshika Elli mkono akahisi mapigo, asijue ni ya nani kati yao. Dakika ya nne. Bibi aliimba puani wimbo wa kanisani, akakosea ubeti, akaanza upya. Dakika ya tano. Kwenye kona ya misonobari nguzo za daraja zilitokea, nyeusi kwenye anga la kijivu. Bibi akaacha kuimba. Reijo aliinama mbele kabisa mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo cha saa za dashibodi, akaufuta kwa mkono wa koti, akatazama tena.

Matairi yalinguruma juu ya mbao, kisha yakanyamaza.

"Bibi," alisema Elli, "tumeshapita daraja."